Mama Anakagua Tairi

Jumatatu, 5 Mei

Muhula umefunguliwa na mvua imefunguliwa nao. Mwalimu wetu wa Fasihi, ambaye tunamwita Mwalimu Futa kwa sababu hilo ndilo neno analoliandika zaidi kwenye kazi zetu, ametuamuru tuandike shajara mpaka shule ifungwe. "Sitaisoma," amesema. "Ni yenu wenyewe, mjione mnavyokua." Chiriku, jirani yangu wa dawati, akaninong'oneza kwamba yeye alishaacha kukua tangu mwaka juzi.

Basi naanza. Nina miaka kumi na minane, napenda kuandika kuliko kula, na nitakuwa mwandishi mkubwa. Naliandika hili mapema, watu wasije wakasema walishtukizwa.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Viatu havijakauka tangu jana. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimekaa Kiti cha Bubu. Kutamani ardhi inimeze? Nimetamani, imekataa.

Utaratibu ni huu. Kila Ijumaa mmoja wetu anakaa mbele ya darasa kwenye kiti cha mbao kisicho na mgongo, na mwenzake anaisoma kazi yake kwa sauti. Mwenye kazi haruhusiwi kusema neno. Haruhusiwi kufafanua, kujitetea, wala kukohoa kwa maana. Msomaji wangu alikuwa Kamusi, yule mvulana anayeongea kana kwamba amemeza kamusi pamoja na jalada lake.

Hadithi yangu inaitwa "Machozi ya Bi Harusi". Bi harusi anafariki siku ya harusi. Bwana harusi anafariki kwa majonzi. Mama mkwe anapewa habari na moyo wake unasimama. Nilipokuwa naiandika nililia mpaka karatasi ikalowa. Darasa lilianza kucheka kwenye mama mkwe. Kamusi alipofika pale ambapo mpishi naye anaanguka na sufuria lake, Chiriku alikuwa chini ya dawati ameshika mbavu. Mimi niko mbele, bubu, natazama ukuta.

"Binti," Mwalimu Futa akauliza, "tangu uanze kuniandikia, umeua watu wangapi?"

Kamusi akajibu kwa niaba yangu: "Kwa ujumla, Mwalimu, hakuna aliyesalia."

Tangu saa hiyo naitwa Mtoa Roho. Hata wa darasa la chini wamenisalimia hivyo langoni. Lakini kilichoniuma si jina. Kengele ilipolia Mwalimu aliniita akaniambia, bila ukali wowote, "Unawaua kwa sababu hujui la kufanya nao wakiwa hai." Nimekasirika.

Jumatatu, 12 Mei

Habari kubwa! Shule itachapisha kitabu. Kitabu chenyewe, chenye jalada, na ndani yake kazi kumi bora za darasa letu. Zitasomwa Siku ya Wazazi, kisha ziende kwa mchapaji.

Kila mmoja aandike juu ya mtu anayemjua kweli. Sharti ni moja: aliyeandikwa asomewe kwanza, na akubali kwamba huyo ni yeye. Akikataa, kazi haiendi popote. Mwalimu anasema mwaka fulani mwanafunzi alimwandika jirani bila kumwambia, na mpaka leo nyumba hizo mbili hazisalimiani.

"Na wewe, Mtoa Roho," akaongeza, "lako ni la ziada. Mtu wako aingie hai, atoke hai."

Nataka kuwa ndani ya kitabu hicho kuliko ninavyotaka kufaulu hesabu, na hesabu nikifeli Mama atanichuna ngozi.

Jumanne, 13 Mei

Nimemchagua Mama mwenyewe.

Mama ni mwalimu wa udereva. Ana gari dogo jeupe lililochoka kuwa jeupe, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa na pedali ya breki ya pili upande wake. Kwa miaka mingi amekaa kwenye kiti kisicho na usukani, akifundisha wauza duka, wastaafu na wachumba. Mguu wake wa kulia haujui kupumzika. Tukitazama televisheni na gari likapita kwa kasi, Mama anakanyaga zulia. Baba akila haraka, anakanyaga zulia.

Baba ni fundi wa mapazia na cherehani yake iko sebuleni kwetu, kwa hiyo wageni hukaa katikati ya vitambaa. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Mama. Hakufuzu. "Nilikosa leseni, nikapata dereva," husema, na Mama humwambia ashone.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemsomea Mama rasimu ya kwanza. Sikumuua. Naapa sikumuua. Nilimwacha hospitali tu, akipumua kwa shida, baada ya ajali.

"Kwa nini niko hospitali?" Mama akauliza.

"Ni fasihi, Mama."

"Na gari je?"

"Limeharibika lote."

"Gari langu!" Akasimama. "Mimi unilaze hospitali, sawa, nipumzike. Lakini gari langu limekukosea nini?"

Baba alishona mstari uliopinda kwa kucheka. Rasimu nimeichana.

Ijumaa, 23 Mei

Rasimu ya pili: "Mama, Taa ya Maisha Yangu". Taa, nguzo, nyota, chemchemi na ngao, yote hayo kabla ya aya ya pili. Niliisoma baada ya chakula kwa sauti yangu ya jukwaani. Mama alisinzia kwenye chemchemi. Kwenye ngao alianza kukoroma.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. "Huyo mama ni mzuri sana," akasema. "Anakaa mtaa gani?"

Mama alipozinduka akasema ameikubali, ni yeye kabisa. Nimeipeleka.

Jumatatu, 26 Mei

Imerudi. Futa, futa, futa, pembeni mwa kila aya. Chini kabisa Mwalimu ameuliza: "Huyu mwanamke huwa anashika nini mkononi?"

Nimetembea mpaka nyumbani nikilifikiria swali hilo. Miaka kumi na minane naishi naye.

Jumanne, 27 Mei

Kitambaa cha kufutia vioo. Anakishika hata akiwa anaongea na simu. Nimemwangalia.

Jumamosi, 31 Mei

Nilimwomba Mama nipande naye garini nimtazame akifanya kazi. Alinipima kwa macho. "Ukae nyuma, ufunge mkanda, na usigune. Wanafunzi wangu ni waoga."

Wa leo alikuwa mwenye bucha wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye mikono kama magogo. Nimemwona kwa macho yangu akipasua mbavu za ng'ombe kwa pigo moja huku anapiga mluzi. Kwenye usukani alikuwa mtu mwingine. Alishika gia kama anashika mkia wa nyoka.

"Mwalimu, nikiachia klachi litaruka!"

"Halitaruka, kaka yangu. Lilishapita kwa wengi. Achia kidogokidogo."

Likaruka. Likazima.

"Umeona?"

"Nimeona. Na wewe umeona kwamba tuko hai. Haya, tena."

Ilikuwa hivyo asubuhi nzima, kuruka na kuzima, kuzima na kuruka, mpaka kichwa changu kikajua kila sehemu ya paa. Nimecheka sana. Nimeandika kurasa nyingi za vichekesho na nadhani ndiyo hiyo kazi yangu: Mama mcheshi. Nani alisema siwezi kuandika watu walio hai?

Jumatano, 4 Juni

Mwalimu amesoma Mama mcheshi. Ameandika Futa mara moja tu! Halafu ameandika: "Nimecheka. Sasa rudi ukamtazame pale ambapo hachekeshi." Haridhiki mtu huyu.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa nesi mstaafu ambaye tatizo lake ni kinyume cha la mwenye bucha: haogopi kitu. Anaendesha kana kwamba mgonjwa yuko nyuma anakata roho. Nyuma nilikuwa mimi.

Jambo nililogundua leo. Nyumbani Mama anapiga kelele kwa sababu ya kijiko kilichowekwa mahali si pake. Garini, kadiri hatari inavyokaribia, ndivyo sauti yake inavyoshuka. Nesi alipokata kona huku mwendesha baiskeli yuko mbele yetu kabisa, Mama alisema, "Breki, dada yangu," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Akakanyaga ya kwake. Mwendesha baiskeli alitutukana mpaka akaishiwa.

Baadaye Mama alisema anashuka kukagua tairi. Sikutia maanani.

Alhamisi, 12 Juni

Chiriku amemaliza kazi yake, juu ya kaka yake anayefuga njiwa. Kaka mtu amekubali. Kamusi amemwandika bibi yake, naye bibi amekubali huku akiuliza maana ya maneno. Nimebaki mimi na wavivu.

Jumamosi, 14 Juni

Lazima niandike leo.

Mvua ilianza kunyesha tukiwa njiani. Mwenye bucha alikuwa anaendelea vizuri. Gari halikuwa limezima hata mara moja na alikuwa ameanza kujisifu. Tukawa tunateremka kuelekea njia panda ya soko. Mama akasema, "Punguza sasa." Mwenye bucha akasema, "Napunguza," na kwa nia njema kabisa akakanyaga mafuta.

Gari likaruka mbele. Kutoka upande wa kushoto lilikuwa linakuja lori la matofali, refu, halina haraka, na halina nafasi ya kutukwepa. Niliona herufi zilizoandikwa ubavuni mwake. Niliweza kuzisoma.

"Toa mguu, kaka yangu," Mama akasema, chinichini. Mguu wake ukawa umeshafika sakafuni. Matairi yakalia, gari likateleza, likageuka kidogo, likasimama. Lori likapita mbele ya pua yetu likipiga honi mpaka lilipopotea.

Mwenye bucha alikuwa ameganda. Mama akavuta breki ya mkono, akamgusa bega. "Gari limesimama. Vizuri. Umechanganya pedali, kila mtu huchanganya. Sasa weka gia huru, upumue. Mimi nashuka kukagua tairi."

Akashuka mvuani. Nikageuka kumtazama kupitia kioo cha nyuma, kwa sababu tu nilihitaji kumwona.

Hakukagua tairi. Hakulitazama hata moja. Alikwenda nyuma ya gari, mahali ambapo mwenye bucha hawezi kumwona, akaweka viganja vyote viwili juu ya buti, akainamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Alikuwa na kile kitambaa cha vioo mkononi na amekikunja mpaka kimekuwa kama kokwa. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, sijui nini. Mvua inamlowesha na yeye hajui kama ni mvua.

Kisha akanyooka. Akajifuta uso kwa kitambaa, akakikung'uta, akarudi na kufungua mlango.

"Tairi ziko sawa," akasema. "Haya, kaka yangu, gia ya kwanza. Tunarudi juu tuteremke tena, usilale nayo hii."

Wakarudi juu, wakateremka tena. Mwenye bucha alipunguza mwendo vizuri. Mimi nyuma nilikuwa nalia bila sauti, na sikuwa nalia kama nilivyomlilia bi harusi.

Jumapili, 15 Juni

Nimeandika tangu asubuhi. Hakuna taa, hakuna nguzo, hakuna nyota. Gari, mvua, buti, kitambaa. Nimeiita "Mama Anakagua Tairi". Hakuna aliyekufa. Nimeisoma tena na tena na sijaona pa kufuta.

Jumanne, 17 Juni

Nilimuuliza Baba kama anajua juu ya tairi. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Nilijua siku niliyogonga ule ukuta wa shule," akasema. "Nilikuwa mwanafunzi wake bado. Akashuka kukagua tairi, akakaa, akakaa. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni. Nikajiambia, huyu mwanamke anaogopa kama mimi, ila miguu yake haikimbii. Wiki ile ile nikamtuma mjomba akapeleke posa."

"Na hukumwambia kamwe?"

"Ya nini? Mwenyewe anajua anaogopa." Akaendelea kushona. Baba yangu anatunza siri kuliko benki, na mimi nilidhani hana la kusema.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemsomea. Alikuwa anafuta vioo vya gari na mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Mwanzoni alicheka, kwenye klachi. Kwenye lori akaacha kufuta. Nilipomaliza alikuwa amekikunja kitambaa ngumini.

"Nani alikwambia?"

"Nilikuona kwenye kioo cha nyuma."

"Kioo hicho ni cha kutazamia magari."

"Mama, ni nzuri au si nzuri?"

"Huyo si mimi," akasema.

"Mama! Nilikuona!"

"Nimesema siye. Sharti lenu si hilo? Aliyeandikwa aseme ndiye au siye. Siye." Akaanza tena kufuta kioo kilichokwisha kung'aa. "Wewe unafikiri watu wanakaa kwenye usukani kwa sababu ya ile breki? Wanakaa kwa sababu wanajua mimi siogopi. Wanatazama uso wangu. Siku wakijua kwamba mwalimu mwenyewe huenda nyuma kutetemeka, nani atawasha gari? Jina langu ndilo linaloliendesha gari hili, mwanangu, si mafuta."

Baba akaita kutoka ndani: "Mficha maradhi, kifo humfichua!"

"Usiniletee kifo hapa! Mtoto wako ameshanilaza hospitali mara moja!"

Nilicheka kwa nusu sekunde, kisha nikakumbuka kitabu, nikaingia ndani na kubamiza mlango.

Jumapili, 22 Juni

Nimenuna. Mama naye amenuna. Baba anapitisha ujumbe kama posta.

Jumatano, 25 Juni

Nilimpelekea Mwalimu Futa kazi nikamweleza yote. Aliisoma palepale amesimama koridoni, macho yakimchuruzika kwa mafua. Hakushika kalamu.

"Hii ndiyo," akasema. Basi. Neno moja hilo, nililolingoja miaka miwili, na haliwezi kunisaidia.

Nikamwambia nitaibadilisha: mama awe wa mtu mwingine, afundishe kuogelea, asijulikane.

"Unaweza," akasema. "Wewe utajua, naye atajua. Mengine yatamezwa na maji ya bwawa." Akapenga kamasi. "Au peleka ile ya taa na chemchemi. Aliikubali, na wazazi watapiga makofi. Mimi siwezi kukukataza, ni kazi safi isiyo na kosa."

"Mwalimu angefanya nini?"

"Mimi simjui mama yako. Wewe ndiye unayemjua, siku hizi."

Jumamosi, 28 Juni

Bado tumenuna, lakini nilipanda garini. Nesi mstaafu alitupitisha kati ya mabasi mawili kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Mama akasema, "Simama hapo pembeni, dada yangu, nikague tairi."

Mlango wa mbele ukafunguka, kisha nyuma yangu kukawa na mvua na yeye. Nilikuwa nimeanza kugeuza shingo. Sikugeuka. Nikamuuliza nesi habari za wajukuu wake, kwa sauti kubwa, na yeye akaanza kuwataja mmojammoja na tabia zao, mpaka Mama aliporudi.

Alinitazama kwenye kioo. Nesi akawasha gari.

Sasa naona nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa nataka woga wake uwe wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeuona. Kuona ni kwangu. Woga ni wake, na ameufanyia kazi miaka yote hii, kila siku, bila kuomba makofi.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeondoa jina langu kwenye orodha ya kitabu. Mwalimu aliuliza, "Na ile ya chemchemi?" Nikasema hapana. Aliandika kitu kwenye daftari lake na kwa mara ya kwanza hakikuwa Futa. Nililia chooni. Chiriku alinisubiri mlangoni na kuwaambia wote kwamba bomba limeharibika.

Alhamisi, 10 Julai

Mitihani imekwisha. Hesabu tuziache.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianzie ukumbini.

Ukumbi ulijaa. Mama na Baba walikaa safu ya tatu na mimi katikati yao. Nilishangaa kuona mwenye bucha safu ya nyuma, amevaa koti. Kumbe Chiriku ni mpwa wake. Wanafunzi tisa walikaa Kiti cha Bubu mmojammoja mbele ya wazazi, na kazi zao zikasomwa. Kaka wa njiwa alisimama akasema "Ndiye!" mpaka njiwa wenyewe wangesikia. Bibi yake Kamusi alisema, "Nadhani ndiye mimi, nisaidieni lile neno la tatu."

Kisha Mwalimu Futa akasimama. "Kazi ya kumi haipo. Mwandishi wake ameiondoa mwenyewe, kwa kumheshimu aliyeandikwa. Kitabu kitatoka na kazi tisa."

Nikaangalia viatu vyangu. Mama akanigeukia.

"Kazi gani imeondolewa? Wewe si ulisoma ile ya taa na nyota?"

"Sikuiweka kitabuni."

"Kwa nini? Ile mimi niliikubali!"

"Ulilala, Mama."

"Nililala kwa kukubali!"

Watu wa safu ya pili wakageuka. Nikamwambia kwa kunong'ona, haraka, kabla sijaanza kulia: "Ile inamfaa mama wa mtu yeyote. Mimi nina wangu. Kama si huyo, basi asiwepo yeyote."

Mguu wa kulia wa Mama ulikuwa umekanyaga sakafu. Kisha akasimama. Nilidhani anaondoka.

"Mwalimu," akaita, "hiyo karatasi iko wapi?"

Mwalimu Futa akanitazama. Mimi sikuwa nayo. Kamusi akajitokeza pembeni ya jukwaa, akaingiza mkono mfukoni mwa shati. "Kabla haijaondolewa nilikuwa nimepangiwa kuisoma, nikapewa nakala," akasema. "Niliihifadhi kwa tahadhari." Nimemsamehe maneno yake yote ya tangu mwaka juzi.

Alitaka kuanza kusoma, Mama akamnyang'anya. "Gari langu, nitaendesha mwenyewe." Akaniangalia. "Na wewe si una kiti chako? Kakae."

Nikakaa, bubu, mbele ya watu wote. Mama akavaa miwani na kuanza kusoma, na kila baada ya mistari miwili anasimama kubishana na karatasi. "'Alishika gia kama mkia wa nyoka.' Kweli, lakini siku hizi anashika vizuri." Ukumbi ukacheka. "'Lori la matofali.' Uongo! Lilikuwa la mchanga." Mwalimu Futa alikuwa anafuta machozi, na safari hii si ya mafua.

Akafika pale. Nilijua amefika kwa sababu sauti yake ilishuka, kama inavyoshuka garini.

"'Anasema anakwenda kukagua tairi,'" akasoma. "'Hakagui tairi. Anaweka mikono juu ya buti na kungoja woga upite. Haufukuzi. Anaungoja, kama mtu anayengoja mgeni amalize chai yake aondoke. Kisha anarudi kwenye kiti kisicho na usukani na kusema, haya, tena.'"

Akavua miwani. Ilisikika mvua tu juu ya bati.

"Ndiye mimi," Mama akasema. "Naogopa. Kila siku naogopa. Anayewaambia kwamba haogopi barabarani, msimpe gari."

Niliona mkono wake umeshika karatasi kama unavyoshika kile kitambaa. Nikawaza, jina lake limekwisha, na mimi ndiye nimelimaliza.

Mwenye bucha akasimama safu ya nyuma. "Mwalimu," akasema kwa sauti yake ya sokoni, "kwani ulidhani sijui? Tairi gani linakaguliwa kila Jumamosi na halipatikani na kosa?" Watu wakaanza kucheka. "Mimi nilikuwa naomba Mungu ushuke! Ukishuka wewe, ndipo napata nafasi ya kujifuta jasho. Nilidhani unanistahi."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za jukwaa na karatasi yangu kichwani. Baba alikuwa anapiga makofi peke yake, polepole, kisha watu wote. Mimi nilikuwa kwenye Kiti cha Bubu, siruhusiwi kusema kitu.

Kazi zitakuwa kumi. Lori litakuwa la mchanga.

Jumapili, 13 Julai

Shajara imefika mwisho wa muhula. Mwalimu alisema tujione tunavyokua, basi nimejitazama. Nilianza nikiwa na maneno mengi na watu wachache, na hao wachache nikawazika. Sasa nina watu. Maneno yamepungua, na siyatamani yaliyokwenda.

Nilikuwa naandika sentensi hiyo ya juu, na kuisifu, Mama aliponiita nje. Mvua ilikuwa imekatika. Alikuwa ameshakaa garini, kwenye kiti chake, kile kisicho na usukani, na mlango wa upande wa pili umeachwa wazi.

"Umenitazama nyuma muhula mzima," akasema. "Njoo mbele."

Nikakaa. Nikafunga mkanda. Usukani ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoudhania, na barabara nyembamba. Nikajifuta viganja kwenye sketi. Nikamgeukia, alikuwa ametulia, uso ule ule wanaoutazama wote.

"Mama, unaogopa?"

"Sana," akasema. "Washa gari."